Tulimpeleka Mtoto, Tukaambiwa Njooni Wote

Sisi ni baba na mama wa nyumba moja hapa Nyarugusu. Tumeona tuseme yaliyotupata, maana huenda kuna nyumba nyingine inalala na jambo kama letu, kimya kimya.

Tulitoka Fizi Januari 2018, vita vilipowasukuma maelfu ya watu ziwani. Wengi walikwenda Burundi, sisi tukaja upande wa Kigoma. Tulivuka Tanganyika usiku, mvua inanyesha, tuna watoto watatu. Tulibaki na wawili. Binti yetu wa kati alikuwa na homa, akafariki siku ya tatu baada ya kufika. Tulimzika haraka, kaka yake mkubwa tukiwa tumemtuma maji. Aliporudi tulimwambia tu, "Mdogo wako amepumzika." Basi. Tangu siku ile jina la mtoto yule halikutajwa tena nyumbani. Tulifikiri ndo njia ya kuwasaidia waliobaki wasahau.

Kijana alipofikisha miaka 15 akabadilika. Akaacha shule, akawa anarudi usiku, ukimwuliza hajibu. Baba akawa ananyamaza wiki nzima. Mama akawa mtu wa kelele, posho ikichelewa ni ugomvi, chumvi ikizidi ni ugomvi. Wazee walituambia tumchape. Tukaenda kwenye maombi, tukaombewa, na tunawashukuru sana, lakini tukirudi nyumbani ni yale yale.

Mhudumu wa afya anayepita nyumba kwa nyumba ndiye alitutajia mshauri nasaha. Kusema kweli tuliogopa. Watu walisema eti kule ni kwa vichaa, eti ukisema ya ndani yanaandikwa kwenye faili la familia. Tulipofika tukamwuliza mshauri wazi. Akasema tunayoongea pale hayatoki nje, isipokuwa kama kuna mtu anataka kujiua au kuua, au mtoto anaumizwa. Hapo lazima atafute msaada, na angetuambia kwanza kama inawezekana.

Tulimpeleka kijana peke yake. Mshauri akasema, "Sawa, lakini wiki ijayo njooni wote, hata yule mdogo." Baba alikasirika. Aliyeharibika ni mmoja, twende wanne wa nini?

Tukaenda hivyo hivyo. Akatuuliza tunapenda kuongea lugha gani, tukasema Kibembe. Akatafuta mkalimani asiye jirani yetu. Kijana wetu anajua Kiswahili vizuri, lakini alikataa atutafsirie. Alisema mtoto asibebeshwe maneno ya wazazi wake.

Tulidhani ataanza kwa kumsema kijana. Wapi! Alimgeukia mdogo: "Baba akinyamaza, mama hufanya nini?" Mtoto akajibu, "Anapigapiga sufuria." "Na kaka?" "Kaka anatoka." "Kaka akitoka?" "Baba ananyamaza zaidi." "Na wewe?" "Mimi nafagia." Tulicheka kidogo, halafu tukaona aibu. Kweli yule mtoto alikuwa anafagia hata usiku, na sisi tulikuwa tunamsifu.

Mara ya tatu akauliza swali jepesi: "Mko wangapi nyumbani?" Baba akasema, "Wanne." Kijana akasema, "Watano."

Pakawa kimya. Kisha kijana akaanza kulia. Akasema usiku ule ndani ya mtumbwi alihisi baridi akavuta blanketi, mdogo wake akalowa. Miaka yote hiyo alikuwa anajua kwamba yeye ndiye aliyemwua. Sisi tukashika vichwa. Homa ya yule mtoto ilianza kwetu Fizi, kabla hatujapanda mtumbwi! Hatukuwahi kumwambia, kwa sababu hatukuwahi kuongea. Baba naye alikuwa anajilaumu kwamba alichelewa kuamua tuondoke, na mama kwamba hakubeba dawa. Kila mtu na mzigo wake, ndani ya chumba kimoja.

Mshauri alitueleza kwamba kazi hii ina wazee wake. Mmoja ni daktari Salvador Minuchin, aliyezaliwa Argentina mwaka 1921. Miaka ya 1960 yeye na wenzake walifanya kazi na familia maskini za New York zilizokuwa na vijana wasumbufu. Badala ya kumtazama kijana peke yake, waliita nyumba nzima na kutazama watu wanavyoishi pamoja. Sisi tulielewa hivi: mtoto anaweza kuwa moshi tu, moto uko jikoni kwa wote.

Tulikwenda mara sita. Hatusemi mambo yote yamekwisha. Baba bado ananyamaza siku nyingine, lakini sasa anasema, "Leo nina siku mbaya, si kosa lenu." Kijana amerudi shule. Jina la binti yetu tunalitaja jioni wakati wa kusali. Hapa hatuliandiki, ni la nyumbani.

Wapendwa, mkiona nyumba imekuwa nzito, ulizeni kwenye kituo cha afya, kwa watu wa ustawi wa jamii, au kwa mwalimu wa mtoto. Semeni hivi: "Tunaomba ushauri nasaha wa familia." Sisi hatukulipa chochote. Ila mama, au yeyote anayepigwa nyumbani, aende kwanza peke yake aseme. Kumkalisha pamoja na anayempiga kunaweza kumletea hatari akirudi nyumbani.

Na kama kuna mtu wenu mliyemwacha njiani, waambieni watoto jinsi ilivyokuwa. Msipowaambia, watajiambia wenyewe.