SEHEMU YA 8: Kiingereza kilichojificha kwenye stori za akili mnemba



Leo tuache chanjo kidogo, tuongee Kiingereza. Usikimbie. Tutaishia kwenye chupa ya dawa ya mtoto, na hapo utaona kwa nini nesi kaingilia kazi ya walimu.

Watoto wetu wa huku Nyakakika wanabeba lugha tatu. Nyumbani Kinyambo. Shule ya msingi Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza. Kile alichokijua vizuri kama usanisinuru anakikuta ubaoni kimeandikwa "photosynthesis". Mtoto ni yule yule, akili ile ile, lakini ananyamaza. Sisi wazazi tunakimbilia kumkaririsha maneno 20 kwa siku. Wiki ikiisha yamebaki mawili. Neno linakaa kichwani pale mtoto anapolihitaji, na hakuna siku analihitaji kama siku ya ubishi.

Na ubishi wa sasa hivi ni akili mnemba. Redioni inaongelewa, kaka mtu anayo kwenye simu, wadogo wanauliza: inafikiri kweli? Itachukua kazi za walimu? Waache wabishane, ila kila jioni wape neno moja la Kiingereza la kubishania. Utashangaa, maneno mengi tayari yako nyumbani kwako.

Anza na jina lenyewe, "artificial intelligence". "Intelligence" ni akili. "Artificial" ni kitu kilichotengenezwa na binadamu kikafanana na cha asili. Mguu wa bandia ni "artificial leg". Ndiyo maana majirani zetu Kenya wengine husema akili bandia. Na jina hilo si la juzi: John McCarthy na wenzake huko Marekani waliliandika mwaka 1955, Tanganyika haijapata hata uhuru.

Neno la pili, "token". Hili hata bibi analijua, maana umeme wa LUKU ukiisha unanunua tokeni, zinakuja namba 20. "Token" ni kitu kidogo kinachosimama badala ya kitu kingine. Zile namba si umeme, zinasimama badala ya umeme uliolipia. Kwenye akili mnemba, "token" ni kipande cha maandishi, neno zima au sehemu ya neno. Mashine inayakatakata maandishi yako vipande vipande, halafu inafanya hesabu zake.

La tatu, "train". Mtoto atasema ni treni. Yuko sahihi, lakini pia ni kufundisha kwa kurudia rudia, kama kocha na timu yake. Mashine hizi zilipewa maandishi mengi mno mpaka zikazoea kukisia neno linalofuata. Mwonyeshe mwanao hivi: mwambie "hapo zamani za..." umwache amalizie. Atasema "kale". Hajafikiria, kazoea tu. Basi ameshaelewa jambo ambalo watu wazima wengi hawajalielewa.

La nne, "data". Sisi tunasema "washa data" tukimaanisha bando. Maana yenyewe ni taarifa zilizokusanywa. Kadi ya kliniki ya mwanao ni "data": jina, tarehe ya kuzaliwa, uzito. Picha yake akiwa anaumwa nayo ni "data". Kwa hiyo kabla hujaipiga picha na kuituma kwenye programu yoyote, jiulize inakwenda kwa nani. Kadi ya mtoto inabaki mkobani.

Sasa neno ninalotaka mlikumbuke hata mkisahau mengine yote: "hallucinate". Wodini tunalijua siku nyingi. Mgonjwa mwenye homa kali anaweza kuona watu ambao hawapo, akaongea nao, akakuapia kwamba wamesimama pale mlangoni. Hadanganyi, kwake ni kweli kabisa. Watu wa kompyuta waliliazima neno hilo kwa ajili ya mashine inayotoa jibu la uongo kwa lugha nzuri, bila kusita. Mwaka 2023 kamusi ya Cambridge ililichagua kuwa neno la mwaka kwa maana hiyo hiyo.

Mbona inatokea? Rudi kwenye "hapo zamani za kale". Mashine inakisia kinachoelekea kufuata, na kukisia kuna kupata na kukosa. Ikikosa, sauti haibadiliki.

Hapo ndipo ninapoingia mimi nesi. Mtoto ana homa usiku, mama anaiuliza simu: nimpe vijiko vingapi vya paracetamol? Simu haijui umeshika chupa gani. Kuna dawa ya maji yenye miligramu 120 kwenye mililita 5, na kuna yenye miligramu 250 kwenye mililita zile zile 5. Kijiko kimoja, dawa mara mbili. Halafu dozi ya mtoto inafuata uzito wake, na simu haijampima. Jibu linaweza kuja limepangika vizuri kabisa, na lisiwe la mwanao.

Na kwenye maboksi mengi maelezo ni ya Kiingereza. "Teaspoon" ni kijiko cha chai, mililita 5. "Tablespoon" ni kijiko kikubwa, mililita 15. Herufi chache tu zimebadilika, dozi imekuwa mara tatu. Ongeza na hizi: "shake well" ni tikisa vizuri, "keep out of reach of children" ni weka mbali na watoto.

Kwa hiyo jamani, fanyeni hivi. Chukueni boksi la dawa lililoko ndani, mwanao wa darasa la sita au la saba asome kwa sauti, kisha aeleze kwa Kiswahili au Kinyambo. Akikwama neno, aiulize simu ya kaka yake, halafu mbishane: imepatia au ime-"hallucinate"? Ahakikishe kwenye kamusi au kwa mwalimu. Amejifunza neno, na amejifunza kutoamini kila kinachoongea vizuri.

Ila dozi, niulize mimi au nesi mwenzangu aliye karibu nawe. Na mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea haamki, usiulize simu wala usinisubiri mimi. Mbebe, nenda kituo cha afya sasa hivi.