Masafa, Umbali na Mwendo

Lugha yetu ina maneno matatu ambayo wengi wetu huyatumia kana kwamba ni neno moja: masafa, umbali na mwendo. Mimi pia niliyachanganya, hadi asubuhi ile nilipopanda ndege kwenda kumzika mama mkubwa huko Ujiji.

Masafa hupimika. Kutoka kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam hadi cha Kigoma, kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 1,080, na ndege huzimaliza kwa saa mbili hivi. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakaingia Ujiji Februari 1858. Ilikuwa miezi minane katika njia ambayo wapagazi waliijua kabla yao. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, miezi ikageuka siku. Mimi nilikunywa chai, nikasinzia kidogo, nikaliona ziwa.

Umbali umetokana na mbali. Hauhitaji msafiri, upo hata watu wote wakikaa majumbani mwao. Mwendo, kwa upande wake, umetokana na kwenda: pasipo mwenda, hakuna mwendo. Mama mkubwa hakunitajia kilomita hata siku moja. Kwake yeye, Tabora ilikuwa mwendo wa usiku mmoja kwa garimoshi.

Kila mwaka alinitumia furushi la migebuka mikavu, na kila aliponipigia simu aliuliza swali lile lile: "Mwanangu, siku hizi kuja huku ni mwendo gani?"

Nami nilimjibu kwa fahari: "Saa mbili tu, Mama."

Akanyamaza. Nilidhani anaistaajabia ndege. Kwa miaka sita nilimjibu hivyo, na kwa miaka yote hiyo sikwenda.

Sasa nimelielewa swali lake. Hakuwa akiuliza masafa. Mtu wa msafara aliyechelewa aliweza kuilaumu njia: mvua, homa, na hongo, neno ambalo zamani zile lilikuwa ushuru wa kupita katika nchi ya mtawala. Mimi sikuwa na cha kulaumu. Ndege iliyanywea masafa yote na kuniachia umbali mtupu, ambao ulikuwa wangu mwenyewe. Kila nilipotamka "saa mbili tu", nilikuwa nikimpimia mama yangu uchache wa kilichonizuia.

Nilifika kabla ya alasiri. Kutoka barazani kwake hadi makaburini hapafiki nusu kilomita. Tulikwenda kwa miguu, jeneza tukipokezana mabegani, na vumbi jekundu likitupanda hadi magotini. Katika miaka ile sita, huo ndio mwendo pekee niliokwenda kwa ajili yake.