Usiku Southern Television Ilipoaga

Ami yangu alikuwa mtangazaji wa Sauti ya Unguja kabla ya Mapinduzi, na ni yeye aliyenifundisha kumsikiliza mtangazaji kwa makini. Alikuwa akisema kusoma habari ni kazi nyepesi, kwa kuwa karatasi i mbele yako. Kazi ngumu ni pale kipindi kimekwisha, kinachofuata hakijawa tayari, na sekunde zote zilizobaki ni zako peke yako. Kwa hiyo nilipofika Portsmouth, kusini mwa Uingereza, mwaka 1972, kumfuata mume wangu aliyetangulia na Wazanzibari wengine, jicho langu halikwenda kwenye michezo ya kuigiza wala mashindano ya mpira. Lilikwenda kwa yule mtu aliyekuwa akitokea katikati ya vipindi.

Televisheni yetu tuliikodi dukani, tukiilipia kila wiki, kama walivyofanya wengi mtaani. Stesheni zilikuwa tatu tu: BBC mbili, na ITV. Msomaji asichanganye hii na ITV ya Dar es Salaam, iliyoanza 1994. ITV ya Uingereza wakati ule haikuwa kampuni moja. Zilikuwa kampuni kadhaa, kila moja na jimbo lake, zikibadilishana vipindi na kuuza matangazo yao ya biashara. Granada walikuwa Manchester, Thames London, Grampian huko Aberdeen. Sisi wa pwani ya kusini tulikuwa na Southern Television ya Southampton, iliyoanza 1958.

Kwa kuwa kipindi kimoja kilitoka Manchester na kinachofuata London, lazima awepo mtu wa kuviunganisha. Alikaa kwenye chumba kidogo, kamera moja mbele yake, saa ukutani. Akitueleza kinachokuja, akitutajia habari za jimbo letu, na filamu ikikatika alijitokeza kuomba radhi. Kipindi cha moja kwa moja kikiisha mapema alizungumza mpaka mshale wa sekunde ufike panapotakiwa, kwa utulivu, kana kwamba alikuwa amekusudia kusema maneno hayo tangu asubuhi. Mimi nilikuwa nikihesabu naye. Hakupitiliza. Usiku wa manane ndiye aliyefunga stesheni: hali ya hewa, kwaheri, wimbo wa taifa, kisha kutukumbusha kuzima seti.

Wengi wa watangazaji hawa walikuwa waigizaji. Brian Nissen, ambaye sauti yake ya upole ndiyo iliyonifundisha Kiingereza cha kuzungumza na watu, alikuwa ameigiza katika filamu ya Henry V ya Laurence Olivier ya mwaka 1944. Christopher Robbie aliigiza kiongozi wa Cybermen katika tamthilia ya televisheni ya Doctor Who mwaka 1975, amevaa kinyago mfano wa chuma uso mzima. Mwanangu alikataa katakata kuamini kwamba jitu lile ndilo bwana aliyekuwa akitutakia usiku mwema. Uigizaji haukuwa na uhakika wa mkate, na uzuri wa zamu ni kwamba ina mshahara. Lakini kazi ile ilidai usanii uleule: kutazama tundu la kamera na kuona mtu.

Jirani yetu, mzee mstaafu wa gati la jeshi la majini, alizikumbuka siku za mwanzo. BBC ilipoanza televisheni kwenye jumba la Alexandra Palace mwezi Novemba 1936, watangazaji walikuwa watatu: Leslie Mitchell, Jasmine Bligh na Elizabeth Cowell. Vita vilipokuja, Septemba 1939, televisheni ikafungwa kabisa. Ilipofunguliwa tena Juni 1946, aliyesimama mbele ya kamera kuwasalimu watu na kuwauliza kama bado wanamkumbuka alikuwa Jasmine Bligh yuleyule. Mzee alimsifu zaidi Sylvia Peters, aliyefungua matangazo ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth tarehe 2 Juni 1953, siku ambayo watu milioni 20 na ushei walijazana kwenye sebule za wenye seti. Miaka minne baadaye Malkia alipokuwa akijiandaa kutoa hotuba yake ya kwanza ya Krismasi kwenye televisheni, Sylvia Peters ndiye aliyesaidia kumwonyesha namna ya kuzungumza na kamera. Hata hivyo BBC ikawaficha watangazaji wake, zikabaki sauti. Nyuso zilidumu kwenye majimbo ya ITV.

Uzito wa nyuso hizo niliuelewa Jumamosi moja, tarehe 26 Novemba 1977. Binamu ya mume wangu alikuwa akikaa Basingstoke, karibu na mnara wa Hannington. Alitupigia simu jioni, pumzi zimempaa. Andrew Gardner alikuwa akisoma habari, picha ikiendelea vilevile, mara sauti yake ikamezwa na sauti nyingine nzito, ikijiita Vrillon, ikidai inatoka anga za mbali na kuwataka wanadamu waziteketeze silaha zao. Iliendelea kwa takribani dakika sita. Sisi wa Portsmouth tulipokea mawimbi kutoka mnara wa Rowridge, kwenye Kisiwa cha Wight, kwa hiyo hatukusikia kitu. Kampuni iliomba radhi kwa hitilafu ya sauti, na aliyefanya mchezo ule hajajulikana mpaka leo. Binamu alituambia moyo wake ulitulia tu pale mtangazaji wa Southern, mtu aliyemzoea, alipoongea. Wahandisi waliurudisha mtambo, lakini nyumba ile haikutulia kwa sababu ya mtambo.

Mwaka 1979 tulipata kipimo kingine. Mgomo wa wafanyakazi uliifunga ITV kuanzia tarehe 10 Agosti hadi 24 Oktoba. Ni Channel Television ya visiwani tu iliyoendelea. Kwetu kulikuwa na maandishi ya kuomba radhi kwenye kioo, basi. Mchana nilipokuwa nyumbani na mtoto mchanga, mume yupo kazini, ukimya ule ulinielemea kuliko baridi.

Kisha, tarehe 28 Desemba 1980, mamlaka iliyosimamia ITV ilitangaza kwamba Southern haitapewa tena leseni. Jimbo letu lingekwenda kwa kampuni mpya, TVS. Wakabaki na mwaka mmoja wa kufanya kazi wakijua mwisho wao. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1981 walitoa kipindi chao cha mwisho, And It's Goodbye From Us, na Christopher Robbie ndiye aliyekiongoza. Kulikuwa na vipande vya kumbukumbu, na mwanamuziki Richard Stilgoe akaimba wimbo wa kuwachoma warithi. Uchungu ulionekana wazi, wala siwalaumu. Mwishoni ile nyota ya nembo ya Southern tuliyoizoea ilisogea mbali, ikapotelea miongoni mwa nyota nyingine. Usiku huohuo majina ya kampuni nyingine mbili za ITV, ATV na Westward, nayo yaliondoka hewani.

Kampuni huja na kwenda. Ila kila zamu ya leseni ilipopita watangazaji wa majimbo walipungua. Mwisho wa 1992 zikaondoka kampuni za Thames, TSW na hiyohiyo TVS. Redvers Kyle, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyekuwa sauti ya Yorkshire Television tangu ilipoanza 1968, alistaafu 1993. Tarehe 28 Oktoba 2002 majimbo ya Uingereza na Wales yaliunganishwa kuwa ITV1, na sauti moja ikawa inatoka London kwa wote. Belfast walimshikilia Julian Simmons wa UTV, aliyeisimulia tamthilia ya Coronation Street kwa mbwembwe kabla haijaanza, na watu wakampenda kwa hilo.

Wahasibu walikuwa na hesabu zao: chumba kimoja ni rahisi kuliko vyumba kumi na kitu. Mimi nasema walipoteza kitu walichokuwa hawakukilipia thamani yake. Sauti ya London haijui kama barabara ya Fareham imefungwa kwa mafuriko, wala haiwezi kuomba radhi kwa niaba ya mtu unayemfahamu.

Kazi yao ilipita hewani moja kwa moja, na makampuni hayakuona haja ya kuirekodi. Sehemu kubwa ya tunachokiona leo ilinaswa na watazamaji wa kawaida waliosahau kuzima mashine zao za kanda kipindi kilipokwisha. Na kwetu, ami yangu amekwenda bila kanda hata moja ya sauti yake. Wako watangazaji wazee bado hai Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Mwenye kanda zao asizitupe, na mwenye simu mfukoni awaendee sasa, awaombe waeleze zamu zao, awarekodi.