Mchezo upi unakula kidogo?

Vijana wetu wa Baraka na Fizi wanapari kwenye telefone, na kuwaambia tu kwamba ni dhambi hakujawazuia. Mtoto wa dada yangu, anayebeba mizigo bandarini, aliniuliza wazi: "Mama mdogo, kati ya michezo hii, upi ni mzuri zaidi?" Feza anayochezea ndiyo inayolipa minerval ya mdogo wake. Kwa hiyo nilimjibu kwa hesabu, kama tunavyopima bei ya gunia la ndagala kabla ya kununua.

Tuanze na mechi moja. Tuseme nafasi ya kushinda ni nusu kwa nusu, na ukiweka faranga 1000 ukashinda unapewa 1800. Malipo ya haki yangekuwa 2000. Basi kwa wastani, kila 1000 inarudi 900.

Sasa kombine ya mechi tano za namna hiyo. Zote zikitoka, 1000 inazaa karibu 19.000, na hapo ndipo macho ya vijana yanang'aa. Lakini nafasi ni moja tu katika 32. Ukicheza mara 32 umetoa 32.000, na kwa wastani utarudisha hizo 19.000. Tiketi yenye ahadi kubwa ndiyo inayokula zaidi.

Kuna pia karata za poka. Hapo unashindana na watu wengine, na mwenye meza anakata sehemu yake. Kwenye meza ya wazi unaweza kutoka saa yoyote, lakini pia unaweza kuongeza feza saa yoyote, na hapo ndipo mtu anamaliza mfuko. Kwenye mashindano ya kiingilio kimoja, hasara yako unaijua mapema, ingawa wengi wanaondoka mikono mitupu. Ile ya haraka ya watu watatu inaisha kwa dakika chache, kwa hiyo ni rahisi kurudia mara kumi kwa jioni moja.

Jibu langu lilikuwa hili: mechi moja, ao mashindano ya kiingilio kimoja, kwa feza uliyokwisha kuihesabu kuwa imepotea. Kombine na meza ya wazi, achana nazo. Na minerval isikae kwenye telefone ya kuchezea. Ikae kwa mama, kwa namba ya siri asiyoijua mwingine.

Kisha nikamwonyesha likelemba yetu. Wamama 20, kila mmoja 5000 kwa juma: zinaingia 100.000, na mwenye zamu anaondoka na 100.000. Hakuna anayekata.

Mama, fanya hesabu hii na kijana wako, kalamu aishike yeye. Mahubiri anaweza kuyabishia; namba alizoandika kwa mkono wake ni vigumu.