Chumvi Isiyotaka Maji

Sisi watu wa Singida chumvi tunaijua. Ziwa Singidani liko palepale mjini, onja uone. Lakini chumvi iliyoniteka mimi haimo ziwani: ni ile iliyo kimiminika bila kutiwa tone la maji. Ya mezani haiyeyuki mpaka nyuzi 801 za sentigredi. Mwaka 1914 Paul Walden aliandika juu ya nyingine inayoyeyuka kwa nyuzi 12 tu. Hapa kwetu Ilongero, mchana wa jua, ingekaa chupani kama maji.

Kazi yake? Ndugu msomaji, utamu ndipo ulipo. Chumvi za aina hiyo unazitia piroli kidogo, unatumbukiza vipande viwili vya metali, unapitisha umeme. Kwenye kipande cha upande chanya molekuli za piroli zinanyang'anywa elektroni, zinashikana moja baada ya moja, unaota utando mweusi. Utando huo ni plastiki, na unapitisha umeme! Maji hukauka, chumvi hii karibu haitoi mvuke, na umeme inaupitisha yenyewe. Mwaka 2002 jarida la Science lilieleza polima za namna hiyo zilizotiwa na kutolewa chaji ndani ya chumvi hizo, hadi mizunguko milioni moja.

Kaka yangu, fundi simu, alicheka mpaka wateja wakageuka. "Dogo, plastiki kazi yake kuzuia shoti! Ndiyo hayo unataka ukasomee?"

Sikubisha. Nilipasua betri mbovu ya redio, nikachomoa kile kijiti cheusi cha katikati, nikampa. Kaboni. Akakigusa na mita, ikalia. Nikamwambia plastiki nayo uti wake ni kaboni. Mwaka 1977 Shirakawa, MacDiarmid na Heeger waliitia poliasetilini iodini, ikapitisha umeme mamilioni ya mara zaidi. Mwaka 2000 wakatunukiwa Nobel. Iodini inapunguza elektroni kwenye mnyororo, zilizobaki zinapata pa kusogea. Haisi ya Singida mjini ikishusha wawili, si mnapumua?

"Sawa," akasema. "Hela je?"

Hapo kemia haisaidii. Alizeti ya Mama haitoshi watu wawili: ama kaka apanue kibanda, ama mimi niende chuo. Yeye aliacha shule kidato cha pili ili mimi niendelee. Nyumbani halisemwi, ila kila mtu analijua. Magunia bado yamo ndani. Mama anangoja bei ipande, na hajasema ni ya nani.