Jumatano Moja Louvre

Jumba la makumbusho la Louvre hufungwa kila Jumanne. Siku nyingine hufunga saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Jumatano na Ijumaa, ambapo hubaki wazi hadi saa tatu usiku. Ratiba hii nimeikariri kwa sababu warsha inayonipeleka Paris inaanza Jumatatu na kwisha Alhamisi, kila siku hadi jioni, na Ijumaa alfajiri ninatakiwa uwanja wa ndege. Kwa hiyo nina Jumatano tu. Nikiingia saa kumi na mbili, na walinzi wakianza kuwatoa watu nusu saa kabla ya kufunga, nabaki na saa mbili na nusu. Ndani kuna kazi takribani 35,000 zinazooneshwa. Nimepiga hesabu: ni kama robo ya sekunde kwa kila moja.

Tiketi hununuliwa mtandaoni, na unachagua mwenyewe saa ya kuingia. Tangu Januari 2026 bei ni mbili: euro 22 kwa raia na wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya, euro 32 kwa sisi wengine. Mwenzangu wa warsha, Mjerumani, atalipa 22. Jengo ni kuukuu, matengenezo yanahitaji fedha, hilo naelewa. Tena tofauti kubwa kati yetu si hizo euro kumi. Yeye akikosa chumba kimoja, atarudi kwa treni mwakani. Nyuma ya tiketi yangu kuna taarifa za benki, barua ya mwajiri, alama za vidole, na ada ya viza ya euro 90 ambayo hairudishwi hata ukinyimwa. Mtu aliyepitia hayo hupanga kana kwamba hakuna mara ya pili, na anayepanga hivyo hutaka kuona kila kitu.

Halafu kuna mama. Mama yuko Tanga, na ada ile ya viza aliikopa kwenye kikundi chake cha vikoba. Alinipigia simu siku viza ilipotoka.

“Mwanangu, usirudi bila picha na yule mwanamke anayetabasamu.”

Marafiki zangu wawili waliniambia niachane na Mona Lisa: ni kamchoro ka sentimita 77 kwa 53, kako nyuma ya kioo, na mbele yake kuna msitu wa simu. Ni rahisi kwao kusema. Mama hahitaji picha ya kujivunia. Anahitaji risiti ya kuwaonesha wenzake kwamba fedha yao ilifika ilikotumwa. Mona Lisa akabaki kwenye orodha.

Lakini nilitaka kitu kimoja ambacho hakuna aliyeniagiza. Louvre imeweka orodha ya hazina yake mtandaoni tangu 2021, picha na maelezo ya kazi zaidi ya laki nne, na usiku kadhaa nilikaa nayo kitandani hadi bando likaisha. Huko ndiko nilikokutana na mwanamke mweusi aliyeketi kwenye kiti, kilemba cheupe kichwani, hereni ya dhahabu sikioni, titi moja wazi, akimtazama mtu anayemtazama.

Alichorwa mwaka 1800 na Marie-Guillemine Benoist, mwanafunzi wa Jacques-Louis David. Ufaransa ilikuwa imefuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1794. Napoleon aliurudisha mwaka 1802. Mchoro huu uliangukia katikati ya tarehe hizo mbili. Mwanamke mwenyewe alitoka Guadeloupe na alikuwa mtumishi wa shemeji zake mchoraji. Kwa zaidi ya karne mbili mchoro uliitwa kwa rangi yake tu. Ni mwaka 2019, kwenye maonyesho ya Musée d’Orsay kuhusu wanamitindo weusi katika sanaa ya Ufaransa, ulipotundikwa ukiwa na jina lake: Madeleine.

Nilimtumia mama kwa WhatsApp, bila maelezo. Alijibu kwa sauti.

“Huyu mtoto wa nani?”

Nikamwambia hajulikani. Jina la ukoo halijulikani, wala hakuna anayejua kwa yakini baadaye aliishia wapi.

Kimya kidogo, kisha sauti nyingine: “Na hiyo nguo, kajivua mwenyewe au kavuliwa?”

Nimesoma kurasa nyingi kuhusu mchoro huu. Kuna wanaouona kama heshima adimu kwa mwanamke mweusi wa wakati ule, na kuna wanaouliza kama mtumishi aliweza kukataa. Swali lao ni lile lile la mama, ila yeye alilifikia baada ya dakika moja, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Nilipolisikia ndipo orodha yangu ya vyumba kumi na saba ilipokosa maana. Niliifuta, nikabakiza vitu vitatu.

Mpango ni huu. Saa kumi na mbili naenda moja kwa moja kwa Madeleine, ambaye hayuko chumba kimoja na Mona Lisa, na ninakaa naye nusu saa nzima. Kisha napanga foleni kwa ajili ya mama, napiga picha bila mwanga wa flashi. Halafu nageuka nyuma, kwa sababu ukutani mkabala na Mona Lisa kuna “Harusi ya Kana” ya Veronese, karibu mita saba kwa kumi, iliyochukuliwa na askari wa Napoleon kutoka monasteri ya Venice mwaka 1797. Muda ukibaki, nitatembea tu.

Louvre hutangaza pia vyumba vinavyofungwa kila siku, nami huangalia ukurasa huo kila asubuhi kabla ya chai. Jana mama aliuliza kama bado nitakwenda kwa “yule dada wa kilemba”. Nikasema ndiyo.

“Miaka mia mbili na ushee,” akasema. “Huyo si dada. Ukifika, mwamkie.”

Leo nimeangalia tena. Jumatano chumba chake kiko wazi.