Pale Hapachezewi

Sisi tuliokulia Makongo, Dar es Salaam, tulilelewa na bango moja: eneo la jeshi, hairuhusiwi kupita. Mpira wetu wa makaratasi ukiruka uzio wa kambi ya Lugalo, tulijua umekwenda na maji. Kaka zetu walisimulia habari za waliokata njia ya mkato kuelekea Mwenge, wakaishia kurushwa kichura hadi jua likazama.

Hofu hiyo ilitutangulia kuzaliwa. Babu aliikumbuka kambi ileile ikiitwa Colito. Hapo ndipo askari wa Tanganyika Rifles walipoasi Januari 20, 1964, wakidai mishahara mizuri na maofisa Waafrika. Siku tano baadaye makomando wa Kiingereza wakashuka kwa helikopta na kuwanyang'anya silaha. Jeshi lile likavunjwa, na Septemba 1 mwaka huohuo likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ). Jina Lugalo lilikuja baada ya hapo, kukumbuka mahali kule Iringa ambapo Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani mwaka 1891. "Pale hapachezewi," Babu alikuwa akituonya.

Kisha pakachezwa. Jenerali George Waitara, Mkuu wa Majeshi kuanzia 2001 hadi 2007, aliupenda mchezo wa gofu, na klabu ya Lugalo inamhesabu kuwa mwanzilishi wake. Leo kambini kuna uwanja wa mashimo 18, na jina lake limebaki kwenye kombe linaloshindaniwa pale, Waitara Trophy.

Mimi niliingia nikiwa kidato cha pili, nyuma ya jirani yetu, ofisa mstaafu. Nilimkuta anapakia mfuko wa fimbo kwenye gari.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Bega lako linaweza kubeba huu?"

Getini askari alinitazama juu hadi chini, mzee akasema, "Huyu kijana wangu," nikapita. Asubuhi ile nilijifunza kusawazisha mchanga kwa reki mpira uliotua humo ukishatolewa, na kurudisha kipande cha nyasi kilichong'olewa na fimbo, kisha kukikanyaga taratibu kishike. Malipo yangu ya kwanza nilimpelekea mama.

Lakini lililonibadilisha nililiona kwenye shimo la mwisho. Koplo mmoja alikuwa amemshinda kanali. Kwa desturi ya jeshi, mdogo ndiye humpigia saluti mkubwa. Pale kanali alivua kofia, akamnyooshea koplo mkono, akamwambia, "Umecheza vizuri." Koplo naye akavua yake. Nilisimama na mfuko begani, nikamkumbuka Babu na askari wake wa 1964, ambao manung'uniko yao hayakupata wa kuyasikiliza mpaka waliposhika bunduki.

Siku hizi wanajeshi na raia hucheza pamoja Lugalo. Wanawake kama Hawa Wanyeche na Vicky Elias wametoka katika klabu hiyo hadi timu ya taifa. Vijana walioanza kwa kubeba mifuko, kama mimi, wamekuwa wachezaji wa kulipwa na makocha. Mchezo niliodhani ni wa wazungu na matajiri umenisomesha mpaka nikamaliza kidato cha nne, kwa kubeba mifuko Jumamosi na Jumapili tu.

Uzio bado upo, na uwepo. Kambi ni kambi. Ombi langu ni kwa wakubwa wa jeshi: msiache kumpitisha getini mtoto wa jirani anayetaka kujifunza. Na ninyi wazazi wa Makongo, Kawe na Mwenge, msiwarithishe watoto hofu yetu. Waulizeni kama wanaweza kubeba mfuko, kisha muwapeleke getini ninyi wenyewe, mkiwa na kitambulisho mkononi.